Kahawa ilipoa, kesi ikaendelea: Bi Mahbuba dhidi ya kampuni ya maegesho

Saa moja na robo asubuhi, jua la Maskati limeshawaka na Bi Mahbuba Saeed anatafuta pa kuegesha gari. Anapita mbele ya jengo la ghorofa sita mtaa wa Al Khuwair. Nafasi tatu ziko wazi, zina mistari mipya ya rangi, na juu yake kuna bango la chuma lenye jina la kampuni. Hata halitazami. Anakwenda kuegesha kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya msikiti, ambako kila mtu huacha gari lake anavyojua mwenyewe.

"Si kama nnawaogopa," anasema akifungua mlango wa nyuma, na harufu ya iliki inatangulia kutoka. "Nna kesi nao. Siku hakimu akisema, ntarudi kuegesha pale pale, na nitashuka taratibu."

Kabla ya kubeba makasha yake anafanya jambo moja dogo. Anatoa kipande cha kadibodi chenye namba ya simu na kukisimamisha kwenye kioo cha mbele. Kwa miezi kadhaa kadibodi hiyo ilikuwa imefichwa chini ya kiti.

Bi Mahbuba ana miaka hamsini na mbili. Wazazi wake walikuja Oman kutoka Unguja, na nyumbani kwake Kiswahili na Kiarabu hupokezana katika sentensi moja. Alipofiwa na mume aliamua kuishi kwa mikono yake. Hupika vitumbua, sambusa, katlesi na mkate wa kumimina, kisha huvipeleka mwenyewe maofisini wakati watu wanafungua kompyuta zao. Siku nzuri humbakishia rial kumi na tano baada ya kutoa unga, nazi na petroli. Kwa pesa hizo amemsomesha binti yake, Nawar, hadi chuo kikuu.

Hana duka wala bango. "Duka langu ni jina langu," anasema. "Mtu ananipa pesa ya wiki nzima kabla hajaona hata kitumbua kimoja. Kwa nini? Kwa sababu ananijua."

Jina hilo ndilo lililoguswa.

Mwaka jana sehemu ya mbele ya jengo ilikabidhiwa kampuni binafsi ya kusimamia maegesho. Hatuitaji jina kwa kuwa shauri liko mahakamani. Asubuhi moja Bi Mahbuba aliteremka na makasha yake kama kawaida, na aliporudi alikuta chuma cha njano kimebana gurudumu la mbele. Hakugomba. Bango alikuwa hajaliona, akakiri, akalipa faini, gari likafunguliwa.

Alidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Wiki iliyofuata alipigiwa simu na mtu asiyejitambulisha, akaambiwa ana makosa mengine chungu nzima ya siku za nyuma. Baadhi, anasema, ni ya kabla bango halijasimikwa. Aliomba aoneshwe picha. Hakuoneshwa. Badala yake simu zikaongezeka, na ujumbe wa vitisho: wakati wa sala, wakati mafuta yako motoni, namba hii leo na nyingine kesho.

Namba yake waliipata wapi? Hapo ndipo penye uchungu. Watu wa jiji hili wana ustaarabu wao: ukiegesha mahali penye msongamano, unaacha namba yako kwenye kioo, ili utakayekuwa umemziba akupigie uje uondoe gari. Hadi wakati huo Bi Mahbuba hakuwahi kuegesha bila namba yake kiooni. Anaamini walioichukua ni wale wale waliofunga gurudumu.

"Nliiweka kwa ajili ya heri," anasema. "Wao wakaifanya kamba ya kunivutia shingo."

Alipoacha kupokea namba ngeni, wakawageukia wateja wake. Waliwatafuta kupitia ukurasa wake wa mtandaoni, ambako watu humwandikia shukrani baada ya kula. Ofisi moja baada ya nyingine ilipigiwa na kuambiwa kwamba mama huyu anakimbia madeni, wasimpe pesa mkononi. Kitumbua kikaingia mchanga. Kati ya ofisi tisa alizokuwa akizihudumia, nne ziliacha kuagiza, na hakuna hata moja iliyomwambia sababu.

Aliyemwambia ni Mildred, Mkenya anayefanya kazi mapokezi ghorofa ya tatu ya jengo lile lile.

"Huyo jamaa alinipigia hapa kazini, eti anataka kujua Mama Nawar anajificha wapi," Mildred anasimulia, sauti ikipanda kana kwamba simu ingali mkononi. "Nikamwambia, anajificha aje na mimi nimetoka kununua vitumbua kwake sasa hivi? Akaniambia, madam, chunga sana, huyo ni mwizi. Mwizi! Nilikasirika mpaka nikakata simu bila ruhusa ya bosi."

Mildred alimweleza Bi Mahbuba kila neno, kisha akasema atayarudia mbele ya hakimu. Kwa mgeni ambaye kibali chake cha kukaa nchini kiko mikononi mwa mwajiri, hilo si jambo dogo. Anajua. "Nimeomba Mungu, nimemaliza. Ukweli ni ukweli."

Siku ile Bi Mahbuba alirudi nyumbani, akakaa jikoni na kulia. Halafu, anasema, akachoka kulia. Alimwendea Raghad, wakili kijana ambaye kwa miaka mingi amekuwa mteja wake wa sambusa, akamwekea simu mezani. Ujumbe wote wa vitisho ulikuwamo. Raghad alimuuliza anataka nini kwa kampuni.

"Nikamwambia, ya ukhti, dada yangu, sitaki wanifutie faini. Nataka waache kunisumbua, na wampigie kila mtu waliyempigia, waseme walisema uongo. Mwiba hutokea pale ulipoingilia."

Kesi ilipofunguliwa, kampuni ambayo haikuwa na muda wa kuonesha picha ilipata muda wa kuja kunywa kahawa.

Ilikuwa Alhamisi baada ya laasiri. Waliletwa na kaka yake mkubwa, Jaifar, mstaafu wa wizara, mtu anayeamini kwamba hakuna ugomvi usiomalizika kwa simu moja na salamu nzuri. Alikuja na Mzee Mahfoudh, ami wa mwenye kampuni, pamoja na mtu mmoja wa ofisini kwao. Bi Mahbuba aliwakaribisha kwa heshima zote. Alitandika, akaweka halwa na tende, akamimina kahawa.

Hawakunywa. Waliviweka vikombe chini, mbele yao.

Kila aliyekulia Oman anajua maana yake. Mgeni mwenye haja haigusi kahawa mpaka mwenyeji akubali kumpa alilojia, na mwenyeji anayewaacha wageni wakaondoka hawajanywa hubaki na aibu inayozungumzwa mtaa mzima. Ni desturi njema, imezuia damu nyingi. Jioni ile ilitumiwa kumziba mdomo mjane.

"Hatunywi, binti yangu, mpaka utupe," alisema Mzee Mahfoudh. Makosa yote yatafutwa, akaeleza, naye aondoe kesi. Khalas, yamekwisha.

Bi Mahbuba aliuliza kuhusu zile simu kwa wateja wake. Mzee akasema yaliyopita yamepita.

Jaifar alikuwa ameinama. "Mahbuba, usitutie aibu," alimwambia dada yake kwa Kiswahili, wageni wasisikie. "Tangu enzi za marehemu baba, hajatoka mtu nyumbani kwetu na kiu."

"Nilikaribia kukubali, wallahi," Bi Mahbuba anakumbuka. "Nikatamani nseme haya, yaishe. Halafu nikamkumbuka Mildred. Yeye mgeni kathubutu, miye kwetu nishindwe?"

Alinyanyua birika, akajimiminia kikombe chake mwenyewe. Hakukinywa. Alikiweka chini, sawa na vyao.

"Nikawaambia, na miye nna haja kwenu. Pigeni simu kwa watu wale wale. Semeni mlinizulia. Mkishapiga, tutakunywa sote."

Mzee alikitazama kile kikombe, kisha akamgeukia mtu wa ofisini. Mtu wa ofisini alinong'ona kwamba kupiga simu kama hizo ni kukiri kosa. Kahawa ilipoa vikombeni, wageni wakainuka, na Jaifar akatoka nao.

Tangu siku hiyo Jaifar hajaja kula chakula cha mchana cha Ijumaa kwa dada yake. Sahani yake huwekwa kila wiki, na kila wiki huondolewa safi. Bi Mahbuba anapolitaja hili ndipo macho yake yanapolengwa na machozi.

"Kampuni hainiumi tena. Kaka ndiye anayeniuma. Lakini kama nlikosea, nlikosea kwa kudai jina letu sote. Na yeye ni jina lake lile."

Msemaji wa kampuni, alipopigiwa na mwandishi wa makala haya, alisema wafanyakazi wao hufuata taratibu na kwamba hazungumzii shauri lililo mahakamani. Kwa kampuni inayopenda simu kiasi kile, hii waliikata mapema.

Shauri litasikilizwa mwezi ujao. Raghad hamuahidi ushindi. Anamwambia tu kwamba ujumbe umehifadhiwa na shahidi yupo. Ofisi mbili kati ya zile nne zimerudi kuagiza, baada ya Mildred kuzungumza na wenzake wa mapokezi.

Bi Mahbuba ameshapanga. Akishinda, kahawa ya kwanza itakwenda kwa Jaifar, ataipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Akishindwa, atakata rufaa. Na namba yake inabaki kiooni kuanzia leo.

"Kwa nini niifiche? Nimemwibia nani? Wabaya wachache wasinifanye niwe jirani mbaya."

Anagawa kasha la mwisho ghorofa ya tatu wakati simu yake inapolia. Namba ngeni. Mildred anaacha alichokuwa akikifanya. Bi Mahbuba anaitazama skrini, anavuta pumzi, anapokea.

"Mahbuba hapa. Sema."

Anasikiliza. Uso unamlegea, kisha anacheka kwa sauti mpaka watu wa chumba cha pili wanageuka.

"Nakuja, mwanangu, nakuja. Niwie radhi."

Gari lake limemziba mtu kule kiwanjani. Anachagua katlesi mbili zilizo nzima, anazifunga kwenye karatasi, anateremka ngazi mbio kwenda kuomba msamaha.