Kiherehere wa runinga aliyehamia wodi ya wazazi

Saa moja asubuhi, mzazi mmoja kiziwi amekishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, na maadamu amekishika hawezi kusema lolote. Mikono ndiyo mdomo wake. Uchungu umepamba moto, jasho linamtiririka shingoni, na mkunga anamtaka asisukume kwanza.

Kando ya mto amesimama mwanamke mrefu mwenye koti la bluu. Hakai miguuni pamoja na mkunga. Amesimama pale ambapo mzazi anamwona bila kugeuza shingo. Maneno ya mkunga yanapita kwenye vidole vyake, nyusi na mashavu: usisukume, pumua, bado kidogo.

Halafu anamgusa mzazi kiganja na kumpa ishara fupi. Achia mkono mmoja. Ukiwa na neno, sema.

Mzazi anaachia. Vidole vinakwenda kichwani, kisha machoni.

"Anasema kichwa kinampasuka," mkalimani anamwambia mkunga. "Anaona vimulimuli. Vimeanza sasa hivi."

Mkunga hangoji kuambiwa mara mbili. Anapima presha, anaikuta imepanda, anamwita daktari, na daktari anaingia huku anavaa glavu. Dawa inapita mshipani. Chumba kina shughuli lakini hakina vurugu, kwa kuwa kila kinachofanyika mzazi anaelezwa kabla hakijamfikia mwilini.

Muda si mrefu anazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele zinazofika hadi kwenye korido.

"Analia?" mzazi anauliza kwa mkono uliolegea.

Mkalimani anauchukua mkono huo na kuulaza mgongoni mwa kichanga. Mama anakisikia kilio cha mwanawe kwa kiganja. Anafumba macho, na mkono haubanduki.

"Mtoto wake wa kwanza alimfia tumboni, kwenye zahanati moja huko," mkunga anasimulia baadaye, akinawa mikono. "Alikuwa anawaambia mtoto hachezi. Wao wakadhani anaomba maji."

Kwenye korido, mlinzi wa zamu anamkazia macho mkalimani, kisha anatabasamu. "Wewe si ndiye Kiherehere?"

"Ndimi," anajibu, na kuendelea na safari yake ya kwenda kutafuta chai.

Walio na umri wa kumkumbuka hawahitaji maelezo. Alikuwa mtoto mwenye vishungi viwili aliyechungulia kwenye kila mlango wa kipindi kile cha vichekesho cha Jumapili, akasikiliza ugomvi wa wakubwa, kisha akaibuka na maneno yaliyoenea hadi sokoni: "Mimi simo, lakini nimesikia."

Ana miaka thelathini na sita sasa. Anasema kazi ile aliipata kwa bahati tu. Mama yake alikuwa msafishaji wa studio, na siku ya kurekodi alimketisha kwenye sanduku la nyaya na kumwonya asifungue mdomo. Mtoto aliyeandaliwa kuigiza aliziona taa zinawaka, akaangua kilio hadi akarudishwa nyumbani.

"Mwongozaji akageuka, akaniona. Akaniuliza, 'Wewe, unaweza kusema sentensi moja?' Nikamwambia naweza hata kumi, nikipewa nafasi. Mama alitamani ardhi ipasuke."

Alikuwa na miaka saba. Kwa miaka sita nchi nzima ilikuwa nyumbani kwake. Wauza duka walimpa peremende, makondakta walimbeba bure, na mabibi wasiomjua walimfinya mashavu kama wanachagua maembe.

Lakini wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Alipofikisha miaka kumi na mitatu alirefuka ghafla, mpaka kochi likashindwa kumficha mbele ya kamera. Mwongozaji alimwita mama yake pembeni. Jumapili mbili baadaye, msichana alikaa sebuleni akamwona mtoto mwingine, mwenye vishungi vilevile, akiitwa Kiherehere.

"Sikulia. Nilimkosoa tu. Nikamwambia mama, huyu anawahi kuingia."

Shuleni walimbatiza "Kiherehere Mstaafu". Ukubwani ikawa mbaya zaidi. Akipanga foleni benki, mtu atamwambia, "Hebu sema kidogo." Akiomba kazi, atachekewa, kisha ataulizwa amefuliaje mpaka kufika hapo.

Mengi ameshayasahau, anasema, ila hadi leo akisimulia mazishi ya baba yake hushusha sauti.

"Mtu mmoja alinipa mkono wa pole. Akaung'ang'ania. Akaniambia, 'Hebu sema kidogo, utupunguzie majonzi.' Nilikuwa na miaka kumi na tisa na baba yangu yuko ndani ya jeneza. Nikasema. Watu wakacheka. Baada ya siku ile sikutaka tena kusikia sauti yangu."

Alifungasha nguo zake akahamia kwa mama yake mdogo, mwanamke anayefua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, na ambaye ni kiziwi tangu alipougua akiwa mchanga. Katika ukoo mzima, huyo peke yake hakuwahi kumwomba aseme kidogo. Miaka yote ya kipindi alikuwa akikitazama pamoja na wengine, akawaona wanashika mbavu, naye hajui kichekesho ni nini.

"Akiuliza, watu walimwambia tutakueleza baadaye. Hiyo baadaye haikufika."

Kati ya mvuke wa pasi na marundo ya mashuka, msichana alijifunza kusema upya. Ishara chache za nyumbani alikuwa nazo. Mama mdogo alimpeleka kwa rafiki zake akapate lugha kamili.

"Usidhani viziwi ni watu wa kimya," anasema, akicheka. "Wana umbea kuliko sisi. Na wanaweza kukusengenya kutoka ng'ambo ya barabara, umesimama palepale."

Hospitali ilimjua siku alipomsindikiza mama mdogo kufanyiwa upasuaji. Muuguzi mkuu alimtazama anavyofanya kazi kati ya daktari na mgonjwa, akaomba namba yake ya simu. Wiki hiyohiyo alimpigia kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kisha mwingine. Alipoomba ajira, aliambiwa hakuna nafasi yenye jina hilo, akapewa kazi ya mapokezi. Alisomea ukalimani jioni, na mchana akawa anaitwa wodini kila mara, hadi kiti chake cha mapokezi kikazoeleka kuwa kitupu.

"Nilimwambia mkurugenzi, huyu mnamlipa kwa kukaa, na hakai," muuguzi mkuu anakumbuka. "Mpeni jina la kazi anayoifanya."

Walimpa. Leo beji yake imeandikwa *Mkalimani*, na huipangusa kwa ukingo wa mkono kabla ya kuingia wodini.

Mwaka jana kituo cha televisheni kilimpigia simu. Kilikuwa kinaandaa kumbukumbu ya kipindi, na kilimtaka avae vishungi na kusema yale maneno. Vishungi alivikataa, maneno akayakubali kwa sharti moja: vipindi vya zamani vitakaporudiwa, kila kimoja kiwe na mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya kioo. Watayarishaji wakasita. Mwongozaji, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, ndiye aliyewanyamazisha.

"Aliwaambia, 'Mimi nilimwondoa kwa sababu ya urefu. Mara hii haondoki,'" mkalimani anasimulia.

Vipindi vyote alivitafsiri mwenyewe. Siku ya kumbukumbu alisimama mbele ya kamera bila vishungi, akayasema maneno yale kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja. "Na hayakuniuma. Yalikuwa yangu tena."

Jumapili ya kwanza ya marudio hakwenda popote. Alikaa kwenye mkeka miguuni pa mama mdogo. Kwenye runinga mtoto alichungulia, wakubwa wakagombana, na pembeni mtoto huyohuyo, sasa mtu mzima, akawa anaeleza kila neno kwa mikono. Mama mdogo alicheka mpaka akashika kiti. Akafuta machozi kwa shuka la hoteli, akageuka, na kuuliza kwa mikono: "Kumbe ulikuwa mjeuri hivi, na mimi nilikuwa nakufulia nguo?"

Sasa simu za mialiko hazikatiki, lakini mpango wake uko hapahapa hospitalini. Kila Jumanne baada ya kazi hufundisha wauguzi kwenye ukumbi wa chakula, meza zikiwa zimesukumwa ukutani. Anataka kila wodi ipate walau mtu mmoja anayeweza kuongea na kiziwi, na baadaye hospitali nyingine zifuate.

"Nataka nifike asubuhi moja nikute hawanihitaji," anasema. "Ninywe chai yangu ikiwa ya moto."

Anarudi wodini, kikombe mkononi, na kusimama mlangoni. Ndani, mkunga wa asubuhi, mwanafunzi wake wa Jumanne, ameinama mbele ya mzazi kiziwi. Anajaribu kumuuliza kama amepumzika vizuri. Ishara inatoka imepinda. Mzazi anacheka, anamkabidhi kichanga, kisha kwa mikono yake miwili iliyo huru anamwonyesha polepole inavyotakiwa.

Mkunga anatikisa kichwa kukubali, mikono imejaa mtoto, na kumwomba kwa macho arudie.

Mkalimani anapiga funda la chai. Haingii.