Kile Tulichokisema kwa Kiswahili

Mgonjwa hakunitukana. Alimwita meneja tu, akamwambia angependa nesi mwingine, "anayeeleweka." Meneja akanibadilishia chumba bila kuniuliza lolote, nami nikamwambia asante. Nilimaliza shifti, nikaendesha hadi nyumbani Alief, mtaa mmoja wa Houston, nikabaki nimekaa kwenye gari pale nje mpaka mume wangu akatoka kuuliza kama limeharibika.

Haikuwa mara ya kwanza. Ila baada ya siku hiyo nikawa naamka na moyo ukienda mbio kila siku ya kazi, na presha ikapanda. Daktari wangu, mama wa Kihindi asiye na maneno mengi, aliniandikia dawa, kisha akanipa namba ya mshauri mwenye kikundi cha wanawake, Weusi na wengine wasio Wazungu, waliobaguliwa au kuumizwa.

"Nenda mara tatu," alisema. "Ukiona haikufai, acha."

Tulikutana Stafford, mji wa jirani, Jumamosi asubuhi, katika chumba kimoja juu ya duka la miwani. Tulikuwa sita pamoja na mshauri, mwanamke Mweusi wa huko huko Houston, wa rika langu. Siku ya kwanza aliponiuliza hali yangu, nilimjibu, "Niko sawa, namshukuru Mungu." Siku ya pili vilevile. Nilivyolelewa, mambo ya ndani unamwambia Mungu, na mchungaji unamwambia yale yanayosemeka.

Siku ya tatu nikasimulia habari ya yule mgonjwa. Nilipofika pale pa kusema asante, mama mmoja aliyekaa mbele yangu akajipiga paja. Alikuwa Mmarekani Mweusi, dereva mstaafu wa basi la shule, mkubwa kwangu kwa kama miaka ishirini.

"Asante!" alisema. "Mwanangu, hata mimi hiyo asante nimeisema sana."

Tukacheka sote, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Tangu hapo sikukosa Jumamosi, isipokuwa nikiwa zamu.

Kisha ikafika wiki ambayo yule mama alisimulia siku za mwisho za mama yake mzazi hospitalini. Wauguzi wawili Waafrika walikuwa wakimgeuza kitandani huku wakiongea lugha yao na kucheka.

"Lugha sikuijua," alisema, "lakini nilijua tunasemwa. Mzungu akinidharau, nimeshamzoea. Hawa walifanana na shangazi zangu."

Sikuwa mimi, ilikuwa hospitali nyingine, miaka mingine. Lakini kazini nilikuwa na rafiki Mkenya mwenzangu, na tulikuwa na mazungumzo yetu. Ningeweza kunyamaza. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Hata mimi nafanya hivyo," nikasema. "Mimi na rafiki yangu. Tunawasema wagonjwa. Hasa watu wa kwenu."

Yule mama akaniuliza, "Mnasema nini?"

"Maneno tu."

"Yaseme. Kwa lugha yenu kwanza."

Nikasema, "Hawa watu ni wavivu. Wamezaliwa hapa na bado hawana kitu." Halafu nikamfasiria, neno kwa neno. Kazini tulikuwa tunayasema huku tunakoroga chai. Mbele ya uso wake niliyamalizia kwa kunong'ona.

Alichukua mkoba wake akatoka. Niliinuka nimfuate, mshauri akatikisa kichwa. "Mwache. Nawe kaa."

Wiki iliyofuata nusura nisiende. Nilimkuta ameshafika. Aliniambia bado hajanisamehe na nisimharakishe, kisha akaniuliza ni nani aliyetufundisha maneno yale. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia kwamba wiki niliyofika Marekani, mwenyeji wangu, Mkenya aliyenipokea, alinionyesha benki, duka la unga, kanisa, na watu wa kukaa mbali nao.

"Na hukumuuliza kwa nini?"

"Sikumuuliza. Nilitaka kuonekana mtu mzuri."

"Kuonekana na nani?"

Wanawake wote mle chumbani walijua jibu: na Wazungu.

Kazini, rafiki yangu alipoanza tena kumsema mgonjwa, nilimwambia, "Dada, haya tuyaache." Akanitazama, akacheka. "Kwani umeokoka mara ya pili?" Lakini alinuna, na tangu siku hiyo akawa anakunywa chai na wengine. Iliniuma, maana ndiye aliyenifundisha kazi nilipoanza pale. Mpaka leo tunasalimiana tu.

Miezi ilipita. Jumapili moja yule mama alinipigia simu: amepewa dawa mpya, na maelezo yake hayaelewi. Nilipitia kwake nikitoka kanisani. Nilimsomea maandishi ya kila chupa, nikampangia vidonge vya wiki nzima. Ukutani palikuwa na picha ya mama yake, amevaa kofia pana ya kanisani. Nilisimama mbele ya picha hiyo, nikamwambia bintiye pole. Aliitikia kwa kichwa, akaenda jikoni.

Alinipakulia mboga za majani zilizopikwa na nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, laini kabisa. Nikamwambia kwetu hiyo ni sukuma wiki.

"Nanyi mnaipika muda gani?"

"Dakika tano hivi."

Akaweka kijiko chini. "Hiyo hamjaipika, mwanangu. Mmeitishia moto tu."

Akaniongeza bila kuniuliza, nami nikala.