Aliyemwekea Jonan Gia

Kiharusi kilipompoozesha Jonan mkono wa kushoto, aliuza lori lake pale Bwera, akanunua gari la otomatiki, lisilo na klachi. Yeye alikanyaga breki, na mkewe Docus, aliyeketi kushoto kwake, aliitoa gia kwenye P akaiweka D, wakaenda zao Kasese kuuza kahawa. Miaka sita walisafiri hivyo.

Mwezi wa nne Docus akafariki. Baada ya matanga Jonan aliwasha gari, akakanyaga breki, akangoja. Machozi yakamshuka.

Binti yake Masika akamsogelea dirishani. "Baba, si unaweza kuiweka kwa mkono wa kulia?"

"Naweza, mwanangu. Tangu zamani naweza. Nilipenda tu mama yako aniwekee."

Akazima injini. Siku ile hawakwenda Kasese.