Siku Baba Alipokuja Kutuchinjia Mbuzi

Baba yangu alikuwa na duka Iringa mjini, na juu ya watu wa bara alikuwa na maneno ya kumchosha mtu. Eti si wasafi. Na yeye mwenyewe kazaliwa hapohapo Iringa, Pwani akiijua kwa kusimuliwa na babu! Shuleni nako nilikuwa binti pekee wa Kiislamu darasani, na wenzangu walishaamua kwamba watu wa kanzu ni wavivu na wana majivuno. Sikukuu ya shule ikifika, wao wanakula nyama, mimi nimejitenga na viazi vyangu.

Miaka ile ya hamsini msichana kusoma ilikuwa bahati. Baba alisema akisikia nimekula nao, ananitoa shule. Nililia sana. Shule niliipenda yote, hata kulima mahindi asubuhi katika ukungu, vidole vimekufa ganzi.

Mwalimu wetu, mama wa Kibena, Mlutheri hasa, hakunipa pole. Alikwenda dukani. "Baba, tuna mbuzi wa sikukuu. Tunaomba uje utuchinjie, watoto wote wale chungu kimoja."

Baba alikubali. Siku ilipofika akaja, kanzu imepigwa pasi, akachinja kwa bismillahi. Chakula kilipoiva akanishika mkono.

"Nyama ni halali," alimwambia mwalimu, "lakini kukaa nao sinia moja, hapana. Huyu naondoka naye."

Wazazi wakulima, waliokaa kwenye majani, waliguna. Walitegemea hivyohivyo. Mmoja tu aliinuka, mzee wa Kihehe, baba wa msichana niliyekaa naye dawati moja. Alishika birika la maji ya kunawa.

"Kamwene," alisalimia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Baba akamjibu kwa Kihehe, tena Kihehe safi, kile cha kuuzia dukani kila siku. Wazee wakacheka, wakamsogezea nafasi. Ee Mungu, nilivyoomba pale. Mkono wake ulikuwa bado umenishika.

Aliniachia ili anawe. Akakaa, akamega ugali, wakaanza kuulizana habari za mvua. Nilisimama nyuma yake nikingoja aniambie twende nyumbani.

"We mtoto," alisema bila kugeuka, "umesimama nini? Nenda kakae na wenzako."