Yai Alilolikataa Mama

Mama yangu alikuwa mkulima wa Hombolo, mtu wa uwele na karanga, na hakuwahi kulala hospitali hata siku moja mpaka miguu ilipoanza kumvimba. Nikamchukua akae kwangu Ipagala. Daktari alituambia figo zake zimeharibika taratibu kwa miaka mingi na hazitapona. Kilichobaki ni kuzipunguzia kazi. Tupunguze nyama, maharage, maziwa na mayai, alisema, kwa kuwa mwili ukishavitumia huacha taka, na figo zile hazina tena nguvu za kuitoa. Akatupa na karatasi ya maelekezo.

Mimi ni karani, nimezoea kutekeleza maagizo. Nikaviondoa vyote jikoni. Mama akawa anakula ugali na mlenda usiotiwa hata punje ya karanga, tena kidogo, maana hamu ya kula ilikuwa imemwisha. Alilalamika mara moja tu: "Mwanangu, hata ndege wa shambani wanashiba kuliko mimi."

Kila kliniki alipimwa uzito, na kila mara mizani ilisoma vilevile. Nikaona nafanya vizuri. Lakini nilipomsaidia kuoga niliona mabega yamebaki mifupa, na kusimama kutoka kwenye kigoda kulimlazimu anishike mkono. Mtu anakondaje huku mizani haishuki? Sikumuuliza mtu. Niliogopa kuonekana mjinga.

Hali ikazidi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Huko tukakutana na mtaalamu wa lishe, binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akambonyeza mkono karibu na bega kwa vidole viwili.

"Anakula nini nyumbani, dada?"

Nikamtajia, tena kwa fahari kidogo.

"Na mayai?"

"Hapana. Tulikatazwa."

"Kuanzia leo ale yai kila siku. Na kuku, na samaki."

Nikadhani amekosea faili. Akanieleza polepole: protini tunayokula huvunjwavunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, na kwa vipande hivyo mwili hujenga misuli. Mtu asipokula vya kutosha, mwili huanza kuila misuli yake wenyewe. Na sasa mashine, ikitoa taka, huondoka pia na sehemu ya vipande hivyo, kwa hiyo lazima virudishwe kwa chakula.

"Mbona uzito haukushuka?"

"Ni maji, dada. Nyama imeisha, maji yamejaa mahali pake."

Nikatoa ile karatasi ya daktari kwenye mkoba ili nijitetee. Akaisoma, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa pameandikwa apunguze. Nani alisema aache kabisa?"

Nikaikunja karatasi, nikairudisha mkobani.

Jioni ile nilichemsha yai, nikalimenya, nikamwekea mama. Akalisukuma.

"Juzi lilikuwa sumu, leo ni dawa. Kesho mtaniambia nini?"

"Sijui, mama."

"Wewe unaamini lipi?"

"Sijui. Najua tu kwamba nilisoma vibaya. Walisema upunguze, mimi nikakunyima."

Nilitegemea anikaripie, ikawa ndiyo mara ya kwanza namwona ananionea huruma mimi, na mgonjwa ni yeye. Akaivuta sahani, akala ute mweupe, kiini akakiacha.

Baada ya miezi kadhaa akaweza kuinuka kigodani bila kunishika. Miguu bado huvimba siku ya kusafishwa inapokaribia. Siku moja nilimvuta yule binti pembeni nikamuuliza: kukonda kule, ni figo au ni mimi?

"Ugonjwa wenyewe hukondesha," alisema. "Na kutokula pia hukondesha."

"Kipi zaidi?"

Akasema hilo hawezi kulipima. Nikamshukuru, nikarudi kukaa karibu na mama, aliyekuwa amesinzia huku mashine ikizunguka.