Simu Iliyovuka Mpaka

Nyumba yetu hapa Tunduma iko jirani kabisa na mpaka. Siku ya kuwasilisha kazi yangu ya uzamili wa mifumo ya taarifa, ninaousoma kwa mtandao, mama alitazama kivuli ukutani akaniuliza kama saa nne haijafika. Nikamjibu kwa ukali kwamba simu haidanganyi, ni saa tatu, bado saa nzima kabla ya kipindi. Akaendelea kuchambua maharage.

Kumbe simu ilikuwa imenasa mtandao wa Zambia, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Nilipoingia darasani mtandaoni, wenzangu walikuwa wanaagana. Mhadhiri akauliza mada yangu ilikuwa ipi.

"Kuhakiki taarifa kabla ya kuziamini," nikasema.

Walicheka mpaka na mimi nikacheka.

"Sasa saa utaihakiki kwa nani?" mhadhiri akauliza.

Nikamgeuzia mama kamera.

"Shikamoo mama," likasema darasa zima.