Upande wa Waya Mwekundu

Mimi ni mtu wa kukaa. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuwafundisha wainjilisti, na somo nililolirudia kuliko yote ni namna ya kutulia mbele za Mungu bila kuangalia saa. Lakini wiki ile ya Februari, hapa Malvern, Toronto, katika nyumba ya mwanangu iliyo ghorofa ya tisa, kukaa kulinishinda. Nilikaa, nikainuka, nikaenda dirishani, nikatazama mabasi yakipita kwenye theluji iliyogeuka tope, nikarudi, nikakaa tena. Nilikuwa nimeipoteza sauti ya marehemu mke wangu, ndivyo nilivyoamini, na aliyeipoteza alikuwa mwanangu.

Mke wangu aliongoza kwaya ya usharika wetu kule Tukuyu. Usharika ulikuwa na mitaa mingi, makanisa madogo ya milimani, na mitaa mingi haikuwa na kinanda wala mpiga kinanda. Fundi aliyekuja kuturekodi VCD akatushauri turekodi kwa pande mbili: upande wa kulia sauti za waimbaji peke yake, upande wa kushoto kinanda peke yake. Nyuma ya deki huwa kuna matundu mawili ya sauti, moja jekundu la kulia na moja jeupe la kushoto. Mtaa uliotaka kujifunza wimbo ulichomeka nyaya zote mbili. Wakishaujua, Jumapili walichomoa waya mwekundu. Kwaya ya kwenye TV ikanyamaza, kinanda kikabaki, nao wakaimba wenyewe. Jambo hilo lilituingia hata kwenye usemi wetu. Mzee wa kanisa akizidisha maneno kikaoni, mwenzake alimnong'oneza, "Chomoa mwekundu, baba, tumekusikia."

VCD hizo zilikuwa tisa. Nilipokuja huku baada ya mazishi nilizileta zimefungwa katikati ya mashati. Miaka miwili nilizicheza kwenye deki kuukuu tuliyoiokota mtaani, nyaya zake mbili zikiingia kwenye redio yenye spika kubwa, na sebule nzima ilijaa waimbaji. Kisha deki ikafa. TV mpya haikuwa na matundu mekundu wala meupe, ilikuwa na vitundu vyembamba ambavyo sivijui. Na VCD zenyewe zilikuwa zimeanza kubanduka ngozi ya juu, nyingine ukiielekeza kwenye taa unaona mwanga unapenya.

Mwanangu anafanya kazi katika ghala la mizigo huko Malton, zamu ya usiku. Asubuhi anarudi, anakula, analala hadi jioni. Katika siku zake mbili za mapumziko ya wiki alizinakili zote tisa kwenye kompyuta. Hakutoa nyimbo moja moja, alinieleza, bali alinakili kila santuri, yaani kila VCD, nzima nzima, na menyu yake na picha zake, ikawa faili moja kubwa. Ukilifungua faili hilo, kompyuta inadanganywa kwamba santuri imewekwa ndani, nayo inacheza. Akaunganisha kompyuta na TV, akaninunulia hedifoni nzuri ili nisikilize mchana bila kumwamsha. Kisha VCD zenyewe, kwa vile zilikuwa zimebanduka, akazitupa zote.

Siku ya kwanza nilivaa hedifoni. Nikafungua santuri ya kwanza. Pale pale akatokea mke wangu katika sare ya kitenge cha bluu, ameinua mkono. Kinanda kikaanza. Akafumbua mdomo.

Hakuna sauti. Kinanda kinalia, watu arobaini wanafumbua na kufumba midomo kama samaki, mke wangu mbele yao anatikisa kichwa kwa mdundo, na hakuna sauti ya mwanadamu hata moja. Nikafungua ya pili. Hivyo hivyo. Nikafika ya tisa.

Nilikuwa mtu pekee katika jengo lile ambaye angeweza kujua kilichotokea, na nilijua mara moja. Waya mwekundu. Mwanangu alinakili upande mmoja tu.

Jioni alipotoka chumbani, akifunga kamba za viatu vya kazi, nilimwambia.

"Hapana, Baba," akasema. "Nimenakili kila kitu. Siyo kama mkanda, useme upande umebaki nje."

"Nimesikiliza zote tisa. Ni kinanda kitupu."

Akainama kwenye kompyuta, akabonyeza mahali, ikatokea mistari miwili ya kijani inayorukaruka. "Ona. Huu kushoto, huu kulia. Yote miwili inacheza. Sauti ipo."

"Mistari haiimbi, mwanangu. Wewe umesikiliza?"

"Sikusikiliza."

"Faili tisa, na hukusikiliza hata moja?"

"Niliangalia mistari, Baba."

"Na VCD umetupa."

"Zilikuwa zimekufa."

Hapo ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasimama hata kama nilikuwa nimelala. Nikamwambia, "Basi umemfuta mama yako."

Alimalizia kamba ya kiatu cha pili, akavaa koti, akasema, "Baba, chakula kiko kwenye jiko," akatoka. Mkewe alikuwa amesimama pale jikoni na mwiko mkononi.

Siku tatu zikapita. Mwanangu alirudi, akanisalimu kama kawaida, akala, akalala, akaondoka. Hakuna adabu aliyoipunguza, na hilo ndilo lililonichoma. Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa mafupi na yenye madai. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti ya mke wangu, ndiyo sababu. Maneno yake nilikuwa nayo, uso wake ulikuwa ukutani, lakini sauti yenyewe, namna ilivyopanda na kukwaruza kidogo juu, ilikuwa ikiniponyoka kila nilipojaribu kuishika. Nilikuwa nimeahirisha huzuni hiyo kwa kujiambia kwamba VCD zipo. Sasa nilizunguka sebule ile kama mtu aliyesikia bomba linavuja na haoni wapi. Nilishuka kwa lifti hadi chini, nikasimama kituoni kama ninayesubiri basi, basi likaja, dereva akafungua mlango, nikampungia mkono aende. Nikapanda tena. Nikavaa hedifoni tena. Kinanda.

Hapa lazima nieleze jambo la mkwe wangu, mke wa mwanangu. Kwetu zamani mke wa mwana alipomsikia baba mkwe njiani alijificha migombani mpaka apite. Hawakuonana uso kwa uso, wala jina lake hakulitamka. Huku Toronto migomba hakuna, na nyumba yetu ina sebule moja iliyoungana na jiko, kwa hiyo tumelegeza. Lakini hajawahi kukaa kochi nililokalia, kikombe changu hukiweka mezani nikichukue mwenyewe, na akiwa na jambo la kuniambia huliambia jiko, mimi nikalisikia kutoka huko. Namheshimu sana kwa hayo. Alilelewa vizuri, na kazi yake ya kutunza wazee wa watu kutwa nzima haijampunguzia subira kwa mzee wa nyumbani.

Siku ya nne hakuwa na zamu. Ilikuwa kama saa sita mchana, mumewe amelala, yeye anamenya ndizi. Mimi niko kwenye kochi na hedifoni, nimeongeza sauti mpaka mwisho kwa sababu nilifikiri labda waimbaji wapo mbali sana ndani ya faili, wakisukumwa watakuja. Kinanda kikaniumiza sikio la kushoto. Nikaisogeza hedifoni nyuma kidogo ili nipumue.

Mkwe wangu akaacha kumenya. Akaliambia jiko, "Baba, punguza kidogo. Mama atamwamsha aliyelala."

Nikavua hedifoni. "Mama gani?"

"Mama." Hakugeuka. "Si anaimba hapo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye hedifoni, Baba. Inasikika mpaka huku."

"Unamsikia mke wangu?"

"Na kwaya yake. Hata siku ile ya kwanza nilimsikia."

Nikasimama. "Siku ile! Na ulisimama hapo na mwiko, mwanangu ananieleza mistari, nawe unajua?"

Kisu kikawekwa chini polepole. "Baba na mwanawe wanazungumza, mimi ni nani niingie katikati? Lakini mwenzangu nilimwambia, asubuhi aliporudi."

"Akasema nini?"

Akawa anachagua ndizi ambazo zilikuwa zimekwisha kuchaguliwa.

"Sema, mama. Sitakasirika."

"Akasema anajua. Akasema ni sikio la kulia, kwamba halisikii, tangu mwaka jana halisikii. Nikamwambia basi mwambie Baba. Akasema, 'Nitamwambiaje Baba kwamba amekuwa kiziwi? Mwache aone ni kosa langu.'"

Nilibaki nimesimama. Mwaka mzima nilikuwa nikisema watu wa mji huu wananong'ona. Mhudumu wa duka ananong'ona, mchungaji wetu ananong'ona, hata tangazo la kwenye treni linanong'ona. Simu nilikuwa naishika mkono wa kushoto na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mtu mwenye sikio moja, amewekewa kinanda kwenye sikio zima na mke wake kwenye sikio lililokufa, akaenda kumshitaki mwanawe.

Nikaigeuza hedifoni, kushoto kuwa kulia. Nikaivaa hivyo hivyo, kinyume.

Sitaeleza sana. Ilikuwa sauti bila kinanda, upande wa mwekundu mtupu, na kwa hiyo nilisikia vitu ambavyo redio yenye spika kubwa ilikuwa ikivifunika: watu wakivuta pumzi pamoja, kiatu kikigonga sakafu, mke wangu akihesabu chini chini kabla ya kila ubeti. Wimbo wa tatu ulikwama katikati na fundi hakukata. Nikamsikia akisema, "Sauti ya nne, mmekuja kuimba au mmekuja kulala? Tena. Tangu mwanzo." Watu wakacheka. Ile sauti ya kukwaruza juu ilikuwapo. Nilikuwa nimeikumbuka vibaya, ilikuwa nyembamba zaidi.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, mpaka mkwe wangu akasema, "Baba, amelala," na nilicheka na kulia, na nikavua hedifoni. Sikuweza kuendelea. Furaha ile ilikuwa na mtu niliyekuwa nimemdhulumu, amelala nyuma ya ukuta, na zilikuwa bado zimebaki saa nne nzima kabla hajaamka.

Saa nne hizo ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa Kanada. Nilisimama mbele ya mlango wake mara tatu na mara tatu nikarudi, maana mtu wa zamu ya usiku kumwamsha ni kumwibia. Nikajaribu kupanga maneno. Nimewafundisha watu wazima namna ya kutubu, na nikagundua kwamba kwa mtoto wangu sijawahi kusema neno hilo hata siku moja, si kwa sababu sikuwahi kumkosea. Kwetu baba hukohoa, hutuma aletewe chai, akauliza habari za kazi, na mtoto anaelewa kwamba yameisha. Nilijua kukohoa kwangu kungetosha kabisa. Ndiyo maana sikutaka kukohoa.

Akatoka saa kumi na nusu, macho yamevimba, anatafuta kahawa.

"Kaa," nikamwambia.

"Baba, leo natakiwa niwahi."

"Kaa kidogo. Nimekukosea."

Akamtazama mkewe. Mkewe akalitazama jiko.

"Yameisha, Baba."

"Hayajaisha, hata sijayasema. Usiniwahi." Nikasimama, sijui kwa nini, kama niko madhabahuni, kisha nikaona si mahali pake nikakaa. "Nilisema umemfuta mama yako. Ni uongo. Sikio langu ndilo limekufa, nawe ulijua ukakubali kubeba kosa lisilo lako. Nisamehe."

Akakaa sasa, kwenye mkono wa kochi, kikombe kitupu mkononi.

"Neno hilo lilinikaa, Baba," akasema. "Sikudanganyi. Kule ghalani napanga maboksi, linarudi. Umemfuta mama yako."

"Najua."

"Na kweli sikusikiliza. Hilo ulipatia. Nilizinakili zote tisa nimezima sauti."

"Kwa nini?"

"Ningemsikia, ningeendeshaje tena gari mpaka Malton?"

Hata sikuwa nimewahi kuwaza kwamba naye alikuwa na mama. Miaka mitatu nilikuwa nimefiwa peke yangu katika nyumba ya watu wengine.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini utapimwa hilo sikio."

"Nitapimwa."

"Usije ukaniambia daktari ananong'ona."

Mkewe akacheka jikoni, akajifanya anakohoa.

Nikamsogezea hedifoni. Akaishika muda mrefu bila kuivaa, akaigeuza kuangalia upande gani ni wa kulia, akaivaa. Mimi nikabonyeza, kwa sababu hilo nililijua sasa, santuri ya kwanza, wimbo wa tatu. Kwenye TV mama yake aliinua mkono. Sebule ilikuwa kimya kabisa, mdomo wake ukifumbuka bila sauti kama siku zile tatu, lakini safari hii nilikuwa namtazama mwanangu. Nilitaka kumuuliza, je, unasikia, amefika wapi, na nikajizuia.

Ghafla akapiga kelele, jinsi watu wapigavyo wakiwa wameziba masikio: "BABA, HII ILIKUWA MWAKA GANI?"

Nikamwambia. Hakunisikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, kidole kikihesabu juu ya goti, na saa yake ya kwenda kazini ilikuwa imekwisha kupita. Sikumkumbusha. Nikasubiri amalize.